Shule Mbili za Muziki Katika Nchi ya Ntuzu

Watu wengi wakiulizwa juu ya muziki katika shule za sekondari za Bariadi, na za Mkoa mzima wa Simiyu, hujibu upesi kwamba somo hilo halijapata kufundishwa kwa maana. Ukitazama ratiba za vipindi, jibu hilo ni sawa. Muziki umo katika orodha ya masomo ya mtihani wa kidato cha nne, lakini shule zinazoufundisha nchini ni chache, na huku kwetu mwalimu aliyesomea kazi hiyo amekuwa adimu kama mvua ya Agosti. Hata hivyo, historia ya mahali haiandikwi na ratiba peke yake. Kwa zaidi ya miaka mia moja nchi hii imekuwa na shule mbili za muziki, moja chini ya paa na nyingine uwanjani. Zimeishi jirani, zimegawana wanafunzi wale wale, na mara nyingi zimepita njiani bila kuamkiana. Kusudi la makala hii ni kueleza kila moja ilifundisha nini, na kwa nini wakati huu zinapaswa kukutana.

Nianze na ile ya uwanjani, maana ndiyo kongwe. Kila Msukuma anajua kwamba ngoma zetu zina pande mbili, Wagika na Wagalu. Mapokeo yanasema zamani walikuwapo manju wawili mahiri, Ngika na Gumha, walioshindana kwa ngoma na kwa dawa, kila mmoja akitaka kuthibitisha kwamba yeye ndiye mwenye nguvu. Wafuasi wao wakarithishana mashindano hayo hadi leo. Wakati wake hasa ni baada ya mavuno, kuanzia Juni, nafaka ikiwa ghalani na pamba ikiwa imeuzwa au inangoja kuuzwa.

Mgeni aonaye mashindano hayo huona vumbi, njuga na watu wengi, akadhani ni sherehe tu. Kumbe ni shule yenye utaratibu wake. Mwalimu ni manju, ambaye kwa Kisukuma huitwa ningi. Yeye hatakiwi kuimba tu, bali kutunga, na kila msimu hutazamiwa aje na nyimbo mpya. Vijana humfuata, hujifunza kuitikia, kisha kupiga, kisha kuongoza, na mmoja wao akijaliwa hutoka na kuwa manju mwenyewe. Mtihani nao upo, na ni mgumu kuliko ule wa Baraza. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na watu huenda upande unaowavuta. Anayekusanya umati mkubwa ndiye mshindi. Hapana alama za huruma, wala hapana kukata rufaa. Manju ambaye wimbo wake umechacha huona migongo ya watu.

Fani za shule hiyo ni nyingi. Iko bugobogobo, ngoma ya wakulima, ambamo jembe ni chombo cha kazi na pia cha kuchezea, likirushwa na kudakwa kwa mapigo ya ngoma. Chanzo chake ni vikundi vya vijana waliolima mashamba kwa zamu, ngoma ikiwatangulia ili mikono ishuke pamoja na uchovu usahaulike. Iko wigashe, inayochezwa watu wameketi, wakiyumba na kuimba, na humo maneno ndiyo yanayobeba uzito. Wako bayeye na nyoka wao, na bununguli wenye asili ya uwindaji wa nungunungu. Profesa Frank Gunderson wa Marekani, aliyezichunguza nyimbo za kazi za Wasukuma kwa miaka mingi, alizitolea kitabu kikubwa mwaka 2010, na anayekisoma ataona kwamba katika nyimbo hizo imo historia yetu: wakoloni, vita, pamba, njaa na vyama.

Shule ya pili, ile ya paa, iliingia kwa njia ya ziwani. Mwaka 1888 wamisionari wa Kianglikana wa Church Missionary Society walianzisha kituo Nassa, kando ya Ghuba ya Speke, mahali ambapo leo pamo katika Wilaya ya Busega. Mwaka 1909 kituo hicho kikakabidhiwa kwa Africa Inland Mission, na kutoka huko mahubiri na shule za vijijini vikaenea kuelekea kusini na mashariki. Mtoto aliyefundishwa kusoma alifundishwa pia kuimba, kwa sababu kitabu cha nyimbo kilikuwa miongoni mwa vitabu vya kwanza kushikwa mkononi. Aliyebatizwa alitakiwa kuiacha ngoma, kwa kuwa ilihusishwa na dawa, pombe na mizimu. Hivyo tangu mwanzo shule mbili ziliwekewa ukuta katikati, na mtoto akaambiwa achague upande.

Isidhaniwe kwamba shule hiyo ya paa haikuwa na lake la kutoa. Ilileta uimbaji wa sauti nne, yaani sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi, ambamo kila mmoja anashika njia yake na wote wanafika pamoja. Ilileta pia maandishi ya muziki. Mbinu iliyoenea zaidi ni ile ya do, re, mi, iliyobuniwa na Mwingereza Sarah Glover na kukuzwa na mchungaji John Curwen katika karne ya 19. Nami niliisoma kwa mbinu hiyo nikiwa katika chuo cha ualimu: chati ndefu ukutani yenye herufi za sauti zilizopangwa kama ngazi, mwalimu ana fimbo yake, naye akigusa herufi sisi tunaimba. Kwa wiki chache mtu asiyejua kitu aliweza kuuimba wimbo asiopata kuusikia. Hiyo ni elimu kubwa, maana inamtoa mwimbaji katika kutegemea kumbukumbu ya mwenzake. Aidha, kwaya iliwapa wasichana nafasi ya kusimama mbele na kuongoza.

Lakini palikuwa na tatizo ambalo wengi hawakulitambua. Kisukuma ni lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kubadili maana ya neno. Manju anapotunga, maneno yenyewe humwonyesha wimbo upite wapi. Wimbo wa Ulaya uliotafsiriwa una njia yake tayari, na maneno ya Kisukuma yakilazimishwa kuifuata, mengine hupinda hata msikilizaji akabaki kukisia. Kiswahili hakina shida hiyo, nacho hukaa vizuri juu ya tuni yoyote. Nadhani hiyo ni mojawapo ya sababu zilizoifanya kwaya ya shule kuwa ya Kiswahili, na ngoma kubaki na Kisukuma chake.

Serikali ya Kiingereza nayo ilijaribu njia mbili tofauti. Shule ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925 kwa ajili ya watoto wa watemi na machifu, ilifuata desturi za shule za bweni za Uingereza, pamoja na gwaride. Upande wa pili, huko Malangali katika nyanda za juu za kusini, W. B. Mumford alianzisha mwaka 1928 shule iliyojaribu kuingiza mavazi, desturi na ngoma za wenyeji ndani ya ratiba, na wazee wakaitwa kufundisha. Jaribio hilo halikuenea. Waafrika wengi wenyewe walilitilia shaka, nao walikuwa na hoja: kama mlango wa kazi na mamlaka hufunguliwa kwa elimu ya Kizungu, kwa nini mtoto wangu afundishwe ngoma anayoijua nyumbani? Swali hilo liko hai mpaka leo, nami nitalirudia.

Kwa upande wa Wakatoliki ukuta ulianza kubomoka mapema kidogo. Katika miaka ya 1950 Padre David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, alianza kazi Bujora, karibu na Kisesa mkoani Mwanza. Alizikusanya ngoma za watemi, akaingiza mapigo na nyimbo za Kisukuma katika ibada, na makumbusho yaliyoanzia hapo yakafunguliwa rasmi mwaka 1968. Sikukuu ya Ekaristi ikawa Bulabo, maana yake maua, na Wagika na Wagalu wakapata uwanja wa kushindana kando ya kanisa. Bujora ilithibitisha kwamba ngoma inaweza kukaa karibu na kitabu bila kitabu kuungua.

Ukaja Uhuru. Tarehe 10 Desemba 1962, alipolihutubia Bunge akiwa Rais mpya wa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba waliosoma walijivunia kujua dansi za kigeni huku ngoma za kwao hawazijui, akatangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, na baada yake Elimu ya Kujitegemea. Kila shule ikawa na kwaya, na kila kwaya ikaimba siasa ya wakati ule. Pamoja nayo ikaja ngonjera, fani iliyokuzwa na Mathias Mnyampala, na baadaye halaiki. Mtu anayebeza enzi hiyo asahau dharau yake kidogo. Wanafunzi wengi hawakuwa wamepata kusimama mbele ya watu wakatoa sauti, nao walijifunza.

Kasoro yake ilikuwa mahali pengine. Muziki uliingia shuleni kama mtumishi wa shughuli, haukuingia kama elimu. Kwaya iliitwa alipokuja mgeni rasmi au Mwenge wa Uhuru ulipopita. Wiki mbili kabla ya shughuli, waimbaji walitolewa hata katika vipindi vya Hisabati, na shughuli ikiisha ngoma hufungiwa stoo pamoja na majembe. Maneno yalitoka juu, tuni ilitoka kanisani au redioni, na mwanafunzi alibaki kuitikia. Hakuulizwa kama anaweza kutunga. Kwa hiyo mtoto wa manju, ambaye nyumbani alikuwa anafundishwa kutunga, alipofika shuleni alishushwa darasa.

Nitoe mfano wa jembe, kwa kuwa nimeuona kwa macho yangu kwa miaka mingi. Shule zetu zote zilikuwa na mashamba ya pamba na mahindi. Ungetazamia kwamba hapa ndipo bugobogobo ingepata makao yake, katika nchi ambayo ngoma hiyo ilizaliwa shambani. Haikuwa hivyo, kwa sababu shuleni jembe lilikuwa pia adhabu. Mchelewaji alipewa hatua za kulima, na mtoro naye vivyo hivyo. Kilimo cha adhabu hakina wimbo. Katika shule niliyoiongoza tulipotenganisha mambo hayo mawili, adhabu ikatafutiwa kazi nyingine, vijana wenyewe waliomba ngoma ipelekwe shambani, na ekari iliyokuwa ikichukua siku mbili ikawa inakwisha siku moja.

Kutokana na hilo tuliweka siku moja kila mwaka, mwishoni mwa muhula kabla ya likizo ya Juni, ya mashindano ya Gika na Galu. Wanafunzi waligawanywa kwa mabweni. Mzee mmoja wa kijiji cha jirani, manju mstaafu asiyejua kusoma, alikubali kuja mara mbili kwa wiki saa za jioni. Baadhi ya wazazi wa kanisani walikuja ofisini kupinga, wakisema tunarudisha uganga shuleni. Hofu yao haikuwa ya kubuni, maana dawa za ngoma zipo na zinajulikana. Tulikaa nao pamoja na mzee mwenyewe, tukaafikiana: hapana dawa, hapana nyoka, bugobogobo na wigashe tu, na mwanafunzi ambaye wazazi wake hawataki asilazimishwe. Kwaya ya shule nayo ilipewa zamu siku hiyo hiyo, uwanja ule ule. Wazazi waliofika siku hiyo walikuwa wengi kuliko waliofika katika mkutano wowote wa wazazi niliopata kuuitisha, na ndipo tulipopata nafasi ya kuzungumza nao juu ya maabara.

Jambo lililonishangaza ni jinsi yule mzee alivyofundisha. Sisi walimu tulizoea kuwapa wanafunzi wimbo uliokamilika, wao waukariri. Yeye aliwapa mwanzo tu, mstari mmoja, kisha akawapeleka wakatafute wa pili. Aliyerudi na mstari mbovu alichekwa kwa upole, akarudishwa tena. Mwalimu wa Fizikia naye alifaidika. Wapigaji wetu huota ngoma motoni ili ngozi ikaze, na sauti hupanda. Yeye aliwapeleka wanafunzi wake kwenye moto huo kuwafundisha mitetemo. Sijui kama maabara ya kisasa ingewaonyesha vizuri zaidi.

Katika mwaka mmojawapo kijana wa kidato cha tatu, dhaifu katika masomo mengi, alitunga wimbo juu ya bei ya pamba. Mwito ulikuwa wa wigashe kwa Kisukuma, na kiitikio kilikuwa cha sauti nne, kama alivyojifunza katika kwaya. Watu walihamia upande wake mpaka upande wa pili ukabaki na wapigaji na mbwa. Katika wimbo ule mmoja zile shule mbili zilikutana, na hakuna mkaguzi aliyekuwapo kuandika. Kijana huyo alifanya mtihani wa kidato cha nne, akafeli. Cheti chake hakikuonyesha hata herufi moja ya kile alichokijua kuliko sisi sote. Ninapoambiwa kwamba muziki ni burudani tu na si jambo la kushughulikia watu wazima, huwa namkumbuka.

Maneno mazuri yaliandikwa. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilisema sanaa, muziki ukiwemo, zifundishwe shuleni. Chuo cha Ualimu Butimba, huko Mwanza, kilijulikana kwa kuandaa walimu wa sanaa, muziki na michezo. Lakini mwalimu wa aina hiyo alipopangwa wilayani alikabidhiwa vipindi vya Kiswahili au Uraia, kwa sababu huko ndiko kulikuwa na pengo. Mwaka 2004 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, na shule za kata zikachipuka kila mahali. Lilikuwa jambo jema sana kwa wilaya ambazo zamani kijana aliyefaulu alilazimika kwenda Shinyanga, Mwanza au Tabora. Hata hivyo, shule isiyo na mwalimu wa Hisabati haiwezi kulaumiwa kwa kukosa mwalimu wa Muziki. Bariadi ikawa makao makuu ya Mkoa wa Simiyu mwaka 2012. Ada ilipofutwa kuanzia Januari 2016, madarasa yalifurika, na michango midogo iliyonunua ngozi za ngoma ikakoma.

Sasa umekuja mtaala mpya, ulioanza kutumika Januari 2024. Katika shule za msingi lipo somo la Sanaa na Michezo, na katika sekondari upo mkondo wa amali pamoja na ule wa jumla. Maana yake ni kwamba lile swali la wazazi wa zama za Malangali linaweza kujibiwa: ujuzi wa muziki unaweza kuandikwa katika cheti na kumpatia kijana riziki. Kwaya zinarekodi, studio zipo hata katika miji midogo, na ngoma huitwa katika harusi na mikutano. Swali lililobaki ni moja tu: nani atafundisha?

Jibu langu ni kwamba walimu wapo, ila hawana vyeti. Taifa hili liliwahi kulielewa jambo hilo. Hukwe Zawose, bingwa wa ilimba na zeze wa Ugogo, hakutoka chuo kikuu chochote, lakini aliingizwa katika kikundi cha taifa cha ngoma, na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipoanzishwa mwaka 1981 alikuwa miongoni mwa wakufunzi wake. Zanzibar nako, chuo cha muziki kilichoanzishwa mwaka 2002 katika jengo la forodha ya zamani kimewatumia mafundi wa taarabu na ngoma kufundisha pamoja na walimu wa noti. Kinachowezekana Bagamoyo na Unguja hakiwezi kuwa haramu Bariadi.

Napendekeza mambo machache yasiyohitaji wafadhili. Kila mkuu wa shule apate orodha ya manju na walimu wa kwaya walio katika kata yake. Wapewe posho ndogo na vipindi viwili kwa wiki, mwalimu wa shule akiwa pamoja nao kuandika na kutunza alama. Wanafunzi warekodi nyimbo za wazee kwa simu, kwa ruhusa ya wenyewe, waziandike kwa Kisukuma na kwa do, re, mi. Na mwisho wa mwaka kila mwanafunzi apimwe kwa wimbo alioutunga mwenyewe, si kwa ule aliokaririshwa.

Haraka inahitajika. Noti za Curwen ziko vitabuni, na kitabu kikipotea huchapwa kingine. Manju hachapwi mara ya pili. Wale waliokuwa vijana nilipoanza kazi wengi wao wamekwisha kuzikwa, na waliobaki ni wa rika langu, magoti yao yanauma kama yangu. Mwaka ujao wa masomo tutawakuta wachache kuliko wa mwaka huu.